Sumu ya Visimani

Soma Luka 13:1-5. Watu waliomletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa walikuwa na dhana gani juu ya wale waliokufa?

Tauni iliingia Ulaya kwa merikebu mwaka 1347, ikaanzia bandari ya Messina, na kwa miaka michache tu iliua pengine theluthi moja ya watu wa bara lile, au hata zaidi. Bakteria anayeileta hakutambuliwa mpaka mwaka 1894. Kwa hiyo watu wa karne ile walitafuta mwenye kosa. Wako waliojiona wao wenyewe ndio wakosaji, wakatembea mji kwa mji wakijichapa mijeledi hadharani. Wengine walisema Wayahudi wametia sumu visimani. Septemba 1348, huko Chillon, Wayahudi kadhaa waliteswa mpaka wakakiri, na habari za maungamo yao zikaenea.

Uongo huo haukukosa kujibiwa. Papa Clement VI alionyesha mwaka huohuo kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa tauni, tena inaua hata mahali ambapo Myahudi hajawahi kuishi. Hoja hiyo haikuhitaji elimu ya tiba. Ilihitaji macho tu.

Katika mji wa Strasbourg, kando ya mto Rhine, baraza la mji liliwatetea Wayahudi wake. Wajumbe wake walisema mbele ya mkutano wa miji na mabwana wa jimbo kwamba hawajui ubaya wowote wa Wayahudi wao. Wakaulizwa: mbona basi mmevifunika visima vyenu na kuziondoa ndoo? Swali hilo linachoma. Hata watetezi walikuwa wamekwisha kuogopa, na hofu yao ikageuzwa kuwa ushahidi.

Februari 1349 vyama vya mafundi viliupindua uongozi huo. Tarehe 14, siku ya Jumamosi, Sabato ya watu wale, Wayahudi walipelekwa makaburini kwao na kuchomwa moto juu ya jukwaa la mbao. Waliokubali kubatizwa waliachwa hai. Watoto wadogo wengi waliondolewa motoni na kubatizwa bila ridhaa ya wazazi wao. Tauni ilikuwa bado haijafika Strasbourg. Ilifika kiangazi, baada ya wale walioitwa watia sumu kuwa majivu.

Je, mtu anayeamini uongo kwa moyo wote ana hatia? Wengi wa wale mafundi huenda waliamini kweli. Lakini hofu haielezi kila kitu. Madeni yote yaliyodaiwa na Wayahudi yalifutwa, rehani na hati zikarudishwa kwa wadaiwa, na fedha taslimu zikagawanywa kwa vyama vya mafundi. Fritsche Closener, kasisi wa mji huohuo, aliandika katika tarihi yake kwamba fedha hizo ndizo zilizokuwa sumu iliyowaua Wayahudi. Hakusema kwamba watu walidanganya. Mtu aweza kuamini kwa dhati jambo ambalo kulikosoa kungemgharimu fedha, na hapo ndipo dhati yake inapohitaji kuchunguzwa. Amri ya Kutoka 20:16 hukiukwa na anayetunga ushahidi wa uongo. Kutoka 23:1, 2 inamgusa pia anayeupokea na kuufuata kwa sababu wengi wanaufuata.

Wapo waliosumbuliwa na dhamiri. Walipopata mgao wao walikwenda kwa mapadre waliowaungamisha, na kwa ushauri wa mapadre hao wakatoa fedha hizo kwa kanisa kuu la mji. Hivyo walijua jambo fulani, ingawa walichelewa kulijua. Hatusomi kwamba kuna aliyeambiwa awatafute warithi wa waliouawa, wala wale watoto waliochukuliwa.

Soma Mathayo 27:3-6. Makuhani wakuu walikataa kuziweka fedha za Yuda katika sanduku la hazina, ingawa wao ndio waliozitoa. Mapadre wa Strasbourg walizipokea. Jadilini darasani: kati ya makundi hayo mawili, lipi lilikuwa karibu zaidi na kukiri lilichofanya? Na yule fundi aliyeutoa mgao wake, alikuwa bado anadaiwa nini, na nani?