Je, Daktari Mtarajiwa Ana Haki ya Kusita?

Oktoba 2024, mwenzangu wa chumba hapa Gisozi alirudi kutoka hospitali akakaa kitandani bila kuvua viatu. Yeye anasomea udaktari, mimi Kiswahili. "Wameniuliza kama nataka chanjo ya Marburg," akasema. "Nimeomba siku moja nifikiri."

Mlipuko ulitangazwa nchini Rwanda tarehe 27 Septemba, na siku tisa baadaye chanjo ikaanza kutolewa. Ilikuwa ya majaribio, haijaidhinishwa popote duniani. Wahudumu wa afya walitangulizwa, maana ndio waliokuwa wengi kati ya wagonjwa. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki.

Kwanza nilimcheka. Si yeye aliyemgombeza jirani yetu kwa kuchelewesha chanjo ya surua ya mtoto? "Leo muganga anaogopa sindano?" nikamwuliza. (Majirani humwita hivyo kwa Kinyarwanda, mimi kila mara namsikia mganga wa Kiswahili, na tunguri zake.) Hakucheka. Akanijibu kwamba chanjo ya surua wamepewa mamilioni ya watoto kwa miaka mingi, lakini hii, hata wanaoitoa wanakiri hawajui itakinga kiasi gani.

Nilikuwa nimemwita mnafiki moyoni, nikalazimika kulifuta neno hilo. Anayekikataa kilichothibitishwa hafanani na anayeuliza juu ya kisichothibitishwa. Majaribio hudai ridhaa, na kama mtu hawezi kusema hapana, ndiyo yake ni ya nini? Ila hapa pana ugumu. Katika wodi yenye wahudumu kumi, tisa wakishachanjwa, yule wa kumi ana uhuru gani? Hakuna anayemlazimisha, lakini macho ya wenzake yapo.

Kwa upande wangu, Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na mimi nalala mita mbili kutoka kwake. Nilitaka achanjwe, na nakiri sababu haikuwa falsafa, niliogopa. Je, hofu yangu inanipa haki juu ya mkono wake? Nililiwaza usiku kucha. Chanjo ambayo haijathibitishwa isingenihakikishia usalama hata mimi. Kilichojulikana kunilinda ni glavu zake, mavazi yake ya kinga na kunawa mikono. Hayo niliweza kumdai bila aibu. Sindano, niliweza kumwomba tu, na sikumwomba.

Kesho yake alichanjwa. Nikamwuliza kilichomshawishi. Akasema alisoma fomu ya ridhaa mara tatu, kisha akamwuliza daktari maswali matano, na kwa mawili akajibiwa, "Hatujui."

"Angeyajibu yote," akasema, "ningekataa."

Jioni mkono ulimwuma, nikamchotea maji ya kuoga.