Je, Silaha Inaweza Kugeuka?

Jumamosi moja jioni niliketi na watoto wangu kutazama filamu ya katuni iitwayo The Iron Giant, yaani Jitu la Chuma, iliyotoka Marekani mwaka 1999. Nilikusudia kuwapa kampani tu huku nikimalizia mahubiri ya kesho yake. Mahubiri hayo nilikuja kuyamalizia usiku wa manane.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1957, katika mji mdogo wa kubuni uitwao Rockwell, jimbo la Maine. Ni wakati wa Vita Baridi. Warusi wamerusha Sputnik, na watu wanaishi kwa hofu ya bomu la nyuklia. Jitu kubwa la chuma linaanguka kutoka angani, na chakula chake ni vyuma. Hogarth, mtoto anayelelewa na mama yake peke yake, analikuta usiku limenaswa katika nyaya za umeme, likiteseka. Anakimbia kwa hofu, kisha anarudi na kuzima swichi. Hapo ndipo urafiki wao unapoanza.

Baadaye tunatambua kwamba jitu lile ni silaha. Likielekezewa bunduki, hata ya kuchezea, macho yake hubadilika na mwili wake hufyatua moto bila lenyewe kukusudia. Mwongozaji, Brad Bird, alikuwa na dada aitwaye Susan aliyeuawa kwa bunduki. Filamu imetolewa kwa kumbukumbu yake na ya Ted Hughes, mshairi Mwingereza aliyeandika kitabu cha watoto ambacho ndicho chanzo chake. Basi, mtu aliyepoteza dada yake kwa risasi aliuliza kama bunduki inaweza kukataa kuwa bunduki. Jibu la filamu ni kwamba kila mmoja huchagua atakuwa nani.

Mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Baba, kwani lilichagua lenyewe, au Hogarth ndiye aliyelibadilisha?"

Sikumjibu mara moja. Nilikuwa nimemkumbuka kijana mmoja. Miaka michache iliyopita, katika usharika huu ninaohudumu, mwanafunzi wa kipaimara alikutwa na fedha za sadaka mfukoni. Baba yake alikuwa gerezani kwa wizi, na kila mtu alijua. Kwenye baraza la wazee mmoja akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi, mchungaji wao, niliyesoma theolojia miaka mingi, nilinyamaza. Tukamwondoa darasani, tukaendelea na ajenda ya viti vya plastiki, ambayo ilichukua muda mrefu zaidi.

Methali ile inasema mtu hawezi kuwa kingine. Filamu inasema mtu achague tu. Sisi Walutheri hatuwezi kutulia kwenye jibu lolote kati ya hayo. Mwaka 1525 Luther alimjibu Erasmus kwamba katika jambo la wokovu utashi wa mwanadamu umefungwa, haujifungui wenyewe. Mtume Paulo analia jambo hilo hilo katika Warumi 7: jema analolitaka halitendi. Aliyewahi kujaribu kuacha pombe au hasira kwa kuamua tu anaelewa. Kumwambia kijana yule "chagua kuwa mwema" kisha kumwacha mlangoni kungekuwa sawa na kuliambia jitu lililonaswa kwenye nyaya lijinasue.

Lakini tazama kinachotendeka katika filamu yenyewe. Kabla jitu halijachagua lolote, swichi ilikuwa imeshazimwa. Mtoto asiyedaiwa kitu alirudi gizani. Akalifundisha maneno, akalitafutia mahali pa kukaa penye vyuma chakavu. Hata lilipodhani mtoto amekufa likageuka silaha tupu, Hogarth alizinduka, akasimama mbele ya mtutu na kuliita. Likatulia. Baada ya hayo ndipo linaporuka kwenda kulipokea kombora la nyuklia ili mji upone. Uchaguzi ule ni wa kweli kabisa, ila ni itikio. Yohana anatuambia hivyo katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4: upendo wetu unafuata upendo uliotutangulia.

Jambo la pili ni hili: hakuna aliyeziondoa silaha zile mwilini mwake. Linakwenda kuokoa mji likiwa bado limezibeba. Ndivyo tunavyofundisha kuhusu aliyebatizwa, kwamba ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Mzee wa kanisa anazo silaha zake, na mchungaji pia. Silaha yangu siku ile ilikuwa kimya.

Wapo wanaomwona Kristo katika jitu lile linalojitoa kwa ajili ya mji uliolichukia. Sipingi kwamba mfano upo. Wala sifundishi kwamba mashine ina roho. Hii ni hadithi, kama mifano yote. Ila naogopa tukikimbilia kumwona Kristo pale, tutasahau kujiona sisi wenyewe pale pale, tumenaswa kwenye nyaya, tukimngoja mtu arudi.

Nilimjibu mwanangu, "Lilichagua lenyewe, lakini Hogarth alitangulia." Akaridhika, akaenda kulala.

Jumatatu nilimtafuta yule kijana. Sasa anaendesha bodaboda. Nilimwomba msamaha pale kijiweni, mbele ya wenzake, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya watu. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mchungaji, siku ile ya kikao nilikaa nje mpaka giza likaingia. Nilikuwa nasubiri uniite."

Sikuwa na la kumjibu. Alipata abiria, akawasha pikipiki, akaondoka. Hajarudi kanisani, nami simdai kurudi. Kila nikipita pale kijiweni, nasimama na kumwita kwa jina lake la ubatizo. Siku nyingine huitikia.