Shika Mkono Dakika Nzima

Mwanangu, umepangiwa zahanati ya Mbagala ndani ndani, na foleni itakukimbiza. Mashine ya presha inakaza mkono, inatoa namba, unaita mwingine. Namba hiyo haikuonyeshi kwamba pigo moja limewahi, la pili limechelewa, la tatu halikufika. Kwa hiyo weka vidole kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, dakika nzima. Ukikuta mapigo hayana mpangilio, sikiliza kifua huku umeshika mkono: kifuani utahesabu, tuseme, 110, mkononi 80. Yaliyopotea ni mapigo ambayo moyo umepiga kabla haujajaa.

Katika moyo wa namna hiyo damu hutuama chumba cha juu, ikaganda, kipande kikaenda kuziba mshipa wa ubongo, na mgonjwa akapooza. Nyumbani watasema mama amerogwa.

Mgonjwa akiwa mzee, chanzo mara nyingi ni presha ya miaka. Akiwa binti wa miaka 25 anayehema kwa kubeba ndoo, fikiria mlango wa moyo uliobana kwa sababu ya mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Mpe rufaa ya hospitali ya Temeke akapimwe ECG, na ikibidi afike Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Presha ikishuka au kifua kikibana, aondoke saa hiyo hiyo.

Binti huyo akianzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishiwe kwa vidonge vipya ati kwa kuwa havidai kupima damu kila mara. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulikuta vifo vichache kwa waliotumia dawa za jamii ya warfarini kuliko waliopewa rivaroksabani. Ila warfarini inataka mlinzi, INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ikae kati ya 2 na 3, na mlinzi mwenyewe ni wewe, maana bingwa atamwona mara chache. Ukimwandikia flajili au septrini bila kuuliza anameza nini, anaweza kuvuja damu. Diklofenaki ya dukani nayo ni hatari hivyo hivyo. Matembele, japo hupunguza nguvu ya warfarini, usimkatalie, ndiyo mboga yake. Ale kiasi kile kile kila wiki. Na akitaka mtoto, aje kabla ya mimba, kwani warfarini hudhuru kijusi tumboni.

Andika namba yake ya simu na ya jirani. Siku ya kipimo ikipita hajaonekana, piga. Akisema ni gharama, usimgombeze. Mwandikie barua aende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali.