Siku ya Tatu Mpe Jembe

Karakana yetu iko nyuma ya kanisa, hapa Bariadi. Ina kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati, meza tatu za useremala, jiliwa mbili na dirisha moja lenye nondo. Haina mwajiriwa hata mmoja. Tunaoifungua Jumamosi na jioni za katikati ya juma ni mafundi wanne, wakulima wa pamba, kinamama wawili wenye cherehani zao na mwalimu mstaafu anayetunza daftari. Tunatengeneza plau, tunachomelea matela ya ng'ombe, tunaunga miguu ya viti vya watu ambao hawana pesa ya fundi. Anayeweza kulipa hutoa kidogo kwa ajili ya umeme na misumari. Asiyeweza hushika upande wa pili wa mbao.

Tulianza mwaka 2016, mwaka wa madawati. Wengi wanaukumbuka: elimu bila ada ilijaza madarasa nchi nzima, watoto wakakaa sakafuni, na kila mkoa ukahimizwa kuchonga madawati. Simiyu yetu ilikuwa mkoa mchanga, wa miaka minne tu tangu itengwe na Shinyanga mwaka 2012. Kanisa likachanga mbao, sisi tukachanga mikono. Madawati yalipokwisha tulitazamana tukaona haifai kutawanyika. Vyombo vilikuwepo, na haja ilikuwepo.

Tunaandika haya kwa sababu ya swali lililotusumbua kwa muda mrefu, na ambalo tunaamini linasumbua kila kundi la waumini lenye mlango na kufuli. Mtu mpya anapokuja kutaka kuwa mmoja wetu, je, tumwamini kwanza ndipo ajithibitishe, au ajithibitishe kwanza ndipo tumwamini?

Mwanzoni hatukuwa na swali. Aliyekuja alipewa randa. Mwaka wa tatu akaja kijana mchangamfu, mwenye mikono myepesi, aliyefika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Wiki ya tano tulimpa ufunguo, maana ilikuwa aibu kumkuta kila asubuhi amesimama mlangoni akitungoja. Jumapili moja jioni drili na grenda havikuwepo, na kijana naye hakuwepo. Tulitoa taarifa, tukauliza stendi, tukauliza kwa waliompangisha chumba. Hadi leo hatujaviona vyombo vile.

Mtu asitudharau kwa uchungu tulioupata. Drili ile ilinunuliwa kwa sadaka. Ndani yake kulikuwa na fedha ya mama aliyeuza kuku, na ya mzee aliyetoa sehemu ya malipo ya pamba yake kabla hajaezeka nyumba yake mwenyewe. Tulikaa kikao kimoja kifupi, na mwalimu akaandika kanuni katika daftari: mwanachama mpya atafanya usafi na kubeba mbao kwa miezi sita kabla ya kukabidhiwa chombo chochote. Hakuna aliyepinga. Tulifunga kikao kwa sala, na tunakiri kwamba ilikuwa sala fupi.

Kanuni ikafanya kazi vizuri mno. Vyombo havikupotea, na watu wapya hawakuja. Waliokuja walifagia mwezi mmoja wakaacha. Tulisema hawakuwa na nia.

Kisha akaja mayu mmoja, mjane, mwenye watoto watatu. Marehemu mume wake alikuwa akitengeneza plau kijijini, na majirani bado walikuwa wakimletea plau zilizovunjika kana kwamba ufundi umebaki ndani ya nyumba. Akataka ajifunze. Tulimsomea kanuni, akaitikia, akachukua ufagio. Alifagia maranda, alibeba mbao, alichota maji. Mwezi wa nne tulitembelewa na ndugu wa kanisa jingine waliotaka kuona tunavyofanya. Mwenyekiti akatutambulisha mmoja mmoja, jina na kazi yake: huyu ni seremala, huyu anachomelea, huyu ni mwalimu wetu. Alipomfikia yule mama akasema, "Na huyu ni mgeni wetu."

Mama akacheka. "Mgeni gani," akasema, "anayewajua panya wa hapa kwa majina?"

Wageni walicheka. Sisi tulicheka pia, lakini tulirudi nyumbani na neno lile, na wiki iliyofuata hatukuweza kushona wala kupiga randa bila kulizungumza.

Sote tumekua na methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia kama neno la mwenyeji aliyechoka: mgeni amekula vya kutosha, sasa naye akalime. Lakini tuisikilize tena, sisi ambao jembe kwetu si chombo kidogo. Usukumani jembe huchezwa ngoma. Vijana wa bugobogobo hulirusha na kulidaka mbele ya watu kama wengine wanavyocheza na mkuki. Kumpa mtu jembe ni kumkabidhi chombo chenye makali, shamba lako, na mbegu ambayo akikosea haitaota. Ni kumwambia kwamba ugeni umekwisha. Na methali imeweka siku, tena siku zenyewe ni chache. Haikusema apewe jembe akishathibitika. Ilisema siku ya tatu, wakati mwenyeji bado hamjui vizuri.

Sisi tulimpa ufagio siku ya kwanza, tukamwacha nao miezi minne. Kufagia si dharau, na mtu asituelewe vibaya. Fundi asiyefagia karakana yake si fundi. Dharau ilikuwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyefagia.

Mwalimu alitukumbusha mambo ya wazee. Kulikuwa na vikundi vya vijana wa kazi, basumba, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Walilima mashamba kwa zamu, kwa ngoma na nyimbo. Mstari wa kulima haukuwa na mahali pa kusimama na kutazama. Ukiingia, unalima, ukilima, jirani wa kulia na wa kushoto wanaona jembe lako linavyokwenda, nawe unaona la kwao. Kuaminika kulitokea pale pale, mgongo ukiwa umeinama. Hatusemi kwamba wazee walikuwa malaika. Jamii zile zile zilijua kutenga, na aliyetengwa alijua uchungu wake. Hata sungusungu waliozuka miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe walitumia silaha hiyo ya kutenga, na wakati mwingine iliwaangukia wasio na hatia. Lakini utengo ulikuwa adhabu ya aliyekosa. Sisi tuliufanya kuwa mlango wa kuingilia.

Mzee mmoja kati yetu, seremala wa miaka mingi, hakukubali, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema hivi: "Vyombo hivi si vyetu. Ni amana. Ningekuwa nakopesha randa yangu ningemwamini yeyote, maana hasara ingekuwa yangu. Lakini ni nani aliyetupa ruhusa ya kuwa wakarimu kwa mali ya mjane mwingine?" Kisha akatukumbusha ushirika wa pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakasimamisha wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo vikakua vyama vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. "Wale hawakuamini tu," mzee alisema. "Walipima."

Tulinyamaza. Ni kweli, kuangalia si dhambi. Lakini mmoja wetu, mkulima asiyependa kusema sana, akauliza, "Wale walikuwa wakimpima nani?" Walikuwa wakimpima mwenye mizani. Uangalizi wao ulimwelekea mwenye nguvu, aliyekwisha kuwa ndani, aliyeshika chombo. Sisi wenye funguo hakuna aliyetupima. Mwalimu akafungua daftari la vyombo, akasoma kwa sauti yale tuliyoandika na kusahau: patasi mbili, timazi, futi, msumeno wa chuma, bisbisi seti nzima. Vyote viliazimwa na wanachama wa zamani "kwa siku mbili tu." Mmoja wetu alitoka nje kidogo. Jumamosi iliyofuata timazi ilikuwa mezani, na hatukuuliza nani aliirudisha.

Na ushirika huo huo una neno jingine. Kanuni saba za ushirika duniani, kama zilivyopangwa upya mwaka 1995 kutokana na urithi wa wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, zinaanza na uanachama wa hiari ulio wazi. Inaanza na mlango, ndipo yanakuja masuala ya fedha na kura. Tunadhani walijua kwamba chama kikishakuwa na mali, jambo la kwanza kitakalotamani ni kuufunga.

Biblia nayo ilitupeleka mahali ambapo hatukutarajia. Tulikuwa tumezoea kumsoma Sauli katika njia ya Dameski. Tulikuwa hatujakaa na yaliyofuata, Matendo ya Mitume sura ya 9, mstari wa 26 na wa 27. Sauli anafika Yerusalemu, anajaribu kujiunga na wanafunzi, nao wanamwogopa. Hawaamini kwamba yeye ni mwanafunzi. Tusiwalaumu upesi. Walikuwa na sababu kuliko sisi na drili yetu. Watu wao walikuwa wamefungwa, na Stefano alikuwa kaburini. Barnaba hakuwakemea kwa hofu yao. Hakudai kwamba hakuna hatari. Alimchukua Sauli mwenyewe, akampeleka kwa mitume, akaeleza habari zake. Kama Sauli angegeuka, jina ambalo lingeharibika pamoja naye ni la Barnaba.

Hapo ndipo tulipoona kwamba swali letu lilikuwa na kasoro. Tuliuliza kama mgeni anaaminika, tukamtaka yeye peke yake abebe jibu, miezi sita, na ufagio. Hatukuuliza ni nani miongoni mwetu yuko tayari kusimama naye. Tuliona pia tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Kuna kungoja kwa sababu ya maarifa: hatuwezi kumpa mtu grenda kabla hajafundishwa, maana grenda haina huruma na vidole, na hapo haijalishi kama yeye ni mtakatifu. Kungoja huko kuna mwalimu, kila siku mtu anasogea hatua. Na kuna kungoja kwa sababu ya shaka, ambako mtu hafundishwi kitu, anatazamwa tu. Kwa miezi minne mama yule alikuwa katika kungoja kwa pili, nasi tulikuwa tukikuita kwa jina la kwanza.

Pia tulikumbuka sisi ni nani. Wengi wetu tuna ndugu waliohama na ng'ombe kwenda Usangu, Rukwa, Morogoro na hata Lindi. Mwaka 2006 wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu, simu zilizokuja huku hazikuwa za kupendeza. Tunajua inavyokuwa kukaa kijiji cha watu miaka kumi na bado kuitwa wa kuja. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki katika mambo yale ya maji na malisho. Tunasema tu kwamba ladha yake tunaijua, na tulimwonjesha mama wa Bariadi, mita hamsini kutoka madhabahuni.

Basi tulifuta kanuni. Hatukurudi mwanzo, kwa maana mzee alikuwa na haki kuhusu amana. Tuliandika kwamba anayekuja atakuwa na mwenzake mmoja kati ya wanachama, ambaye atamfundisha kuanzia Jumamosi ya kwanza, na chombo kikipotea mikononi mwa mgeni, mwenzake atachangia nusu ya bei. Usafi ni zamu ya wote, mwenyekiti akiwemo. Anayeazima ataandika, hata akiwa mwanzilishi.

Ilipofika kuuliza nani atakuwa mwenzake mgeni atakayefuata, chumba kilitulia sana. Nusu ya bei ya drili ni fedha ya kununua mbegu. Wengi tulitazama meza. Mikono miwili tu ilinyanyuka, na mmoja ulikuwa wa yule mama, ambaye hapo hapo tulilazimika kujiuliza kama amekwisha kuwa mwanachama au bado. Mwalimu aliandika jina lake bila kumngoja mtu.

Hatujui kama mpango huu utadumu. Yupo kijana wa pili sasa, amekuja kutoka upande wa Itilima, na wawili kati yetu bado humtazama mikono anapotoka. Tunajua wanachokumbuka. Hatujawaambia waache, kwa kuwa moyo hauamriwi kwa kura.

Mama ameshatengeneza plau saba, na ya nane ilimshinda, imeegemea ukuta ikingoja fundi wa kuchomelea apone malaria. Kufuli ni jipya, funguo ni nne. Yule mzee seremala hakubadili maoni yake. Kila Jumamosi jioni bado anahesabu vyombo kimoja kimoja kabla ya kufunga. Umeme ukikatika, mama humshikia tochi.