Mbona Mkataba Hukawia Kutiwa Sahihi?

Watu wawili wa kijiji chetu walipatana habari ya mashine ya kusaga unga. Mmoja ana kiwanja karibu na njia kuu, mwenziwe ana fedha za kununulia mashine. Walipatana kwa mdomo siku moja, kabla chai haijapoa. Kisha wakaniita mimi mwalimu niwaandikie mkataba, nami nikadhani nitaumaliza jioni ile ile. Ndugu msomaji, kazi hiyo ilichukua miezi miwili.

Wengi walinuna. Mzee mmoja aliniambia, “Mwalimu, hawa wamekula sahani moja tangu utoto. Karatasi yako ndiyo iliyowaletea mashaka.” Neno lake lilinichoma, maana lina swali la kweli ndani yake. Je, kumtaka jirani aandike neno alilokwisha kulisema, si kumwita mwongo?

Nilifikiri sana, nikakumbuka mahali tulipokwama. Kodi ya kiwanja haikutukawiza hata kidogo. Tulikwama nilipouliza, “Mmoja wenu akifa, je?” Wote wawili waliinama, wakaanza kuzungumza habari za mvua. Siku nyingine niliuliza, “Mashine ikiharibika, hasara ni ya nani?” Mwenye kiwanja akacheka, akasema, “Mwalimu, usitufanyie uchuro.”

Basi hapo nikafahamu. Adabu yetu yatukataza kutaja kifo mbele ya mtu mzima wa afya, na kutaja ugomvi mbele ya rafiki. Mkataba hauna adabu hiyo. Kazi yake hasa ni kuuliza habari za siku mbaya, kwa kuwa siku njema hazihitaji karatasi. Killa mtu ana jambo analoliogopa, naye huona haya kulitoa. Kuandika kwenyewe kulichukua saa moja tu; siku zile nyingine zote zilikwenda katika kutafuta moyo wa kusema.

Walakini sisemi kwamba kukawia peke yake ni hekima. Lobengula, mfalme wa Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliwaweka wajumbe wa Cecil Rhodes zaidi ya mwezi mzima. Walifika Septemba 1888, naye hakutia alama yake hata tarehe 30 Oktoba. Alilijua vema neno aliloliogopa, yaani Wazungu wengi kuingia katika nchi yake, wala hakuona haya kulitaja. Wakamwahidi kwamba hawataleta zaidi ya watu 10 wa kuchimba. Charles Helm, mmisionari aliyekuwa mkalimani wao, aliitaja ahadi hiyo katika barua yake. Lakini katika mkataba wenyewe haimo. Mkataba uliwapa madini yote ya ufalme, na uwezo wa kufanya lo lote waliloona lafaa ili kuyapata. Mfalme alipoyajua yaliyomo aliukana. Hata hivyo mwaka 1890 msafara wa mamia ya watu wenye silaha uliingia katika nchi ya Washona, na mwaka 1893 ufalme wake ulivunjwa kwa vita. Aliuliza sana, akajibiwa vizuri, na jibu likabaki hewani.

Tena iko namna ya kukawia iliyo dhambi kabisa. Mnunuzi ajua kwamba siku ya ada ya shule yakaribia, au ghala ya muuzaji ni tupu. Basi husema, “Njoo kesho,” hata yule mwingine akubali bei yo yote. (Mimi nimewahi kungojewa hivyo, nikauza mbuzi kwa bei ya kuku.) Twawezaje kuwapambanua? Mimi hutazama maswali. Mwenye kukawia kwa haki huja na swali, nalo likijibiwa huliacha, akaja na jingine. Mwenye hila hana swali, ana kesho tu.

Wale wawili walitia sahihi siku ya Jumamosi. Kifungu cha mwisho alikitaka yule mwenye fedha: kwamba akifa yeye, fungu lake apewe mjane wake, wala nduguze wasiliguse. Ndicho kilichomkawiza muda wote huo. Hakumwogopa jirani yake hata siku moja. Aliwaogopa nduguze, na mmoja wao alikuwa akiketi nasi barazani killa tulipokutana.