Tujifunze Kanuni za Mchezo Wake

Mtoto mwenye usonji hufanya kazi kubwa ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa kazi. Tangu akiwa mdogo anafundishwa kanuni zetu: mwamkie mgeni, mpe mkono, mtazame anayesema nawe, usiondoke watu wakiongea, usirudie habari ile ile. Kanuni hizo hazijaandikwa popote. Hubadilika nyumba hadi nyumba, na anayezivunja hununiwa bila kuambiwa amevunja ipi. Kufikia ujana amekwisha kuchoka. Basi ikitokea kijana huyo akapenda mchezo wenye kanuni zilizopigwa chapa, zinazomfunga mkubwa kama zinavyomfunga mdogo, sisi wazazi na walezi tuna jambo la kushukuru kabla hatujauliza bei.

Nayasema haya kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 14, ninayeishi naye pamoja na wazazi wake hapa Nottingham, Uingereza. Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari zake. Akanipa kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisiviite vitu vyake vidoli. "Shangazi, ni vijisanamu. Vidoli ni kitu kingine." Ni masharti ya haki, nami nimeyashika.

Vijisanamu hivyo ni vya plastiki au metali, vingi vikiwa na kimo cha milimita 28 hivi au kuzidi kidogo. Vingi huja vipandevipande kwenye fremu. Unavikata, unaviunganisha, unavipaka rangi, kisha unavipanga mezani katikati ya magofu na miti ya kutengenezwa. Wawili hucheza kwa zamu. Umbali hupimwa kwa futi kamba, na dadu huamua nani kapiga na nani kakosa. Mchezo wa namna hii si wa jana. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kuchezea vikosi vya askari wa bati, *Little Wars*. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975, ikatoa Warhammer mwaka 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987. Leo makao yake makuu yako hapa Nottingham, na kampuni nyingine za kazi hiyo, kama Warlord Games na Mantic Games, ziko mji huu huu. Kijana wetu hakuutafuta mchezo mbali. Aliukuta dirishani mwa duka.

Tatizo ni gharama. Sanduku moja la kikosi cha kuanzia Warhammer 40,000 hufika karibu pauni 100, na hapo hujanunua rangi, brashi wala kitabu. Kaka yangu anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Pauni zake zote zina wenyewe: kodi, umeme, nauli, na ada ya mdogo wetu aliye Tanga. Ilitubidi kufikiri. Katika kufikiri huko tumejifunza mambo ambayo naamini yatamfaa mzazi yeyote mwenye kijana wa aina hii na mkoba mwembamba.

La kwanza ni kujua anachokipenda hasa. Chini ya jina moja la mchezo huu zimekaa shughuli nne: kuunganisha, kupaka rangi, kusoma hadithi za majeshi hayo, na kucheza. Wapo wanaopaka rangi maisha yao yote wasirushe dadu hata mara moja. Wapo wanaojua historia ya kila jeshi na hawana hata askari mmoja. Kijana mwenye usonji anaweza kuipenda moja kwa moyo wote na nyingine tatu zikamkera. Kuchunguza hilo hakuhitaji fedha. Vitabu vya hadithi huazimwa maktaba. Maduka ya Warhammer yana desturi ya kumpa mgeni kijisanamu kimoja akipake hapo hapo bila malipo. Kampuni ya One Page Rules hutoa bure kanuni za msingi za michezo yake, kurasa chache tu, na mchezo wa kwanza waweza kuchezwa kwa vifungo vya nguo na sarafu. Sisi tuligundua kwamba wetu anapenda hadithi na kucheza. Kupaka rangi kulikuja baadaye, kwa hiari yake.

La pili ni kuchagua mchezo wa vijisanamu vichache. Si kila mchezo wa mezani unadai jeshi zima. *Frostgrave*, alioutunga Joseph A. McCullough na ukatoka mwaka 2015, unahitaji mchawi, mwanafunzi wake, na askari wasiozidi wanane. Kikosi kizima ni watu kumi, na waweza kutumia vijisanamu vya kampuni yoyote, hata vya mitumba. Kikosi kidogo kina faida nyingine isiyoandikwa kwenye kisanduku: humalizika. Kijana akivitazama vijisanamu vyake kumi vilivyopakwa vyote, anaona kazi aliyoianza na kuitimiza. Mwenye mia moja visivyopakwa anaona deni.

Vifaa navyo visikutishe. Rangi tano au sita za akriliki zinatosha, kwa kuwa nyingine huchanganywa. Brashi mbili, moja ya ncha kali na nyingine pana iliyochakaa kidogo, zinafanya kazi nyingi. Ili rangi isikauke upesi, tandika tishu zilizolowa kwenye mfuniko wa plastiki, juu yake weka karatasi ya kuokea mikate, kisha changanyia hapo. Maboksi ya viatu huwa nyumba, matawi makavu huwa miti, na dadu hutoka kwenye ludo ya zamani. Mkono wa kijana ukisumbuka na vipande vidogo, jambo la kawaida kwa wengi wenye usonji, viko vijisanamu vinavyobanwa tu bila gundi.

La tatu ni mwili wake. Harufu, sauti na mwanga ambavyo sisi twavipuuza vyaweza kumuumiza yeye kweli kweli. Gundi ya plastiki ina harufu kali, na rangi ya msingi ya kupuliza ni kali zaidi. Tukachagua rangi ya msingi ya kupaka kwa brashi, na gundi hutumika dirisha likiwa wazi. Mlio wa dadu mezani ulikuwa ukimkera, tukatandika kipande cha blanketi ndani ya sinia. Dukani hatuendi Jumamosi mchana watu wanapojazana. Tulimuuliza muuzaji ni saa zipi pana utulivu, akatuambia, na ndizo saa zetu.

La nne ni fedha zenyewe, na hapa kanuni wazi humlinda mtoto na mzazi pia. Mchezo huu una mvuto wa kununua bila kumaliza, na kijana anayependa ukamilifu wa seti yuko hatarini zaidi. Nyumbani kwetu kuna bahasha ya mwezi. Kiasi chake kinajulikana, hakipungui kwa hasira ya mtu wala hakiongezeki kwa machozi. Kijisanamu kingine hakinunuliwi mpaka kilichopo kimepakwa. Kanuni hii ya pili aliitunga mwenyewe, akaiandika, akaibandika ukutani, na ndiye anayetukumbusha sisi.

Nyumba ya Kiislamu kama yetu ilikuwa pia na swali la sanamu. Baba yake alilipeleka kwa mwalimu wa madrasa anayemwamini, wakazungumza, wakaafikiana: ni vitu vya kuchezea, vikae sandukuni, visipangwe sebuleni kama mapambo, na vyenye sura za mashetani visinunuliwe. Nilidhani kijana angepinga. Alikubali mara moja. Mipaka iliwekwa mapema, ikaelezwa sababu yake, na haikubadilishwa njiani. Watoto kama yeye mara nyingi huitwa wakaidi, ilhali wengi wao wanachodai ni hicho tu: waambiwe mpaka uko wapi kabla hawajauvuka.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Watu wazima tukiona mtoto mwenye usonji amependa kitu, haraka tunakigeuza dawa au rehani. Kikiwa dawa, kila mchezo unakuwa somo la siri: mfundishe kungoja zamu, mfundishe kushindwa, mpime kama ameongea zaidi ya wiki iliyopita. Kikiwa rehani, tunakishika mkononi: usiposoma, nakuchukulia, usipomsalimia mjomba vizuri, sanduku naliweka juu ya kabati. Ni kweli mchezo huu una kungoja zamu na una kushindwa, na kijana atajifunza mengi ndani yake. Lakini kitu pekee anachokipenda kikiwa ndicho tunachomtishia nacho, tumemfundisha kuficha anachokipenda. Adhabu zipo nyingine, na mazoezi ya mtaalamu yana saa yake. Hiki kiachwe kiwe chake.

Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson waliueleza usonji kama namna ya umakini: akili inayomimina nguvu zake nyingi kwenye mambo machache kwa wakati mmoja. Maelezo yao yamenisaidia kuona kwa nini kumkatiza ghafla ili aje kula kunamtikisa mwili mzima. Siku hizi tunampa taarifa mapema, na tunamwacha amalize bega la kijisanamu analolipaka. Chakula hakipoi kwa dakika hizo.

Yako pia maneno ya Damian Milton, mtaalamu wa elimujamii wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 alieleza kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili. Yeye hatuelewi, na sisi hatumwelewi. Lakini kwa kawaida ni yeye peke yake anayepelekwa kusahihishwa.

Nilipoyasoma maneno hayo nilimkumbuka babu yake kule Tanga na bao lake barazani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na wanaolicheza hukaa saa nzima macho yakiwa kwenye ubao. Hakuna anayewauliza kwa nini hawatazamani. Wakisema, wanasema juu ya kete. Wakinyamaza, hakuna aliyeudhika. Na wakiagana wameshakuwa pamoja kwa namna ambayo maamkizi marefu hayawezi kuileta. Isitoshe, katika malezi ya pwani mtoto anayemkazia mzee macho huonekana hana adabu; huku Uingereza asiyetazama usoni huandikwa kwenye ripoti. Tunajua basi kwamba kutazamana si kipimo cha utu. Tulilijua siku zote, na ubao wa bao ulitufundisha mapema kwamba watu wanaweza kukutana kwa kuangalia pamoja kitu kimoja.

Meza ya kijana wetu iko hivyo. Shuleni kwake kuna chama cha mchezo huu wakati wa chakula cha mchana, na humo amepata wenzake wawili. Sikumbuki akisimulia mazungumzo yao ya mambo ya nyumbani au ya mpira. Wanazungumza kuhusu majeshi. Mama yake aliwahi kuniuliza, kwa huzuni, kama huo nao ni urafiki. Nilimjibu, wifi yangu, wanaume wangapi tunaowajua wamekuwa marafiki miaka arobaini kwa habari za bao na siasa tu, na wakazikana kwa machozi? Urafiki wa kijana huyu usiwekewe mtihani ambao wengine hawaufanyi.

Kwa hiyo ombi langu kwa shangazi na wajomba, mababu na mabibi wenye kijana wa namna hii ni dogo. Siku moja kaa upande wa pili wa meza yake. Usiende kumsimamia, usiende na maswali ya shule, na usimwambie rangi ya joho ingependeza zaidi ikiwa ya kijani. Mwombe akufundishe kucheza. Atakufundisha kwa urefu, pengine kwa urefu kuliko unavyotaka, na atakusahihisha bila kupamba maneno. Mvumilie. Mgeni akiingia nyumba ya watu hufuata desturi za nyumba hiyo, na pale mezani mgeni ni wewe. Kijana huyu amejifunza kanuni zetu tangu azaliwe, nazo ni nyingi, hazijaandikwa, na zimemgharimu sana. Zake zimeandikwa, na za kuanzia ni kurasa chache, zinazopatikana bure. Hatuna udhuru wa kutojifunza.