Nani Avunjike Kwanza?

Anayetengeneza magari ya rimoti ya mbio za mawe hukutana mapema na swali ambalo halimo kwenye kijitabu cha maelekezo: ukishaliongezea gari nguvu, unataka livunjikie wapi? Kuvunjika ni lazima. Nguvu mpya ikiingia kwenye mashine hutafuta sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, huipata, na huivunja. Kazi ya fundi ni kuamua sehemu hiyo iwe ipi. Naona uamuzi huo una maadili ndani yake, na tunaufanya kila siku kwa watu bila kuupa jina.

Kwanza gari lenyewe. Tangu 2007, kila mwaka katika jangwa la Johnson Valley, California, hufanyika mashindano yaitwayo King of the Hammers. Jina hilo limetokana na vijia vya mawe vilivyoitwa kwa majina ya nyundo: Jackhammer, Sledgehammer na vinginevyo. Ugumu wake ni kwamba gari moja linatakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Kwenye uwanda wa mchanga lazima likimbie kama gari la rali. Kwenye mawe lazima litambae, gurudumu moja likiwa juu ya jiwe kubwa kuliko meza na jingine likining'inia hewani. Kampuni za magari ya rimoti kama Axial na Losi zimetengeneza mifano ya magari hayo kwa kipimo cha moja kwa kumi. Mfano wa namna hiyo una urefu wa nusu mita na kidogo, shokapu zenye mafuta ya kweli, na difu zenye gia za chuma. Unafunguka wote kwa bisibisi na spana, na karibu kila kipande kinauzwa peke yake.

Rafiki yangu na mimi tunalo moja, tulilinunua likiwa limeshatumika. Tunalitengeneza jioni baada ya kazi, na Jumapili tunalipeleka kwenye machimbo ya zamani ya mawe upande wa Kunduchi. Watoto wa jirani hulifuata kwa miguu. Watu wazima husimama mbali kidogo, kisha nao husogea.

Njia ya nguvu ndani ya gari hili ni rahisi kuifuata. Betri inazungusha mota. Kwenye mota kuna gia ndogo ya chuma, inayosukuma gia kubwa ya plastiki. Gia kubwa imebanwa kwenye klachi. Baada ya klachi nguvu inapita kwenye shafti mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, inaingia kwenye difu, inatoka kwenye ekseli, inafika kwenye tairi. Sasa tairi limenasa katikati ya mawe mawili. Mota haijui. Inaendelea kusukuma, na kila kilicho kati ya mota na jiwe kinapokea msukumo ule ule kwa wakati mmoja. Mmoja wao lazima aachie.

Gari letu lilikuja na betri ya seli mbili, volti 7.4. Kila mtu akishazoea hapo hutaka seli tatu, volti 11.1. Mota yenye mizunguko 3,000 kwa dakika kwa kila volti hutoka kwenye mizunguko 22,200 hadi 33,300 ikiwa haina mzigo. Mwendo ukiongezeka kwa nusu, nishati ya gari linapogonga jiwe inazidi mara mbili, kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa mwendo. Mabadiliko hayo yanafanyika kwa kuchomoa plagi moja na kuchomeka nyingine. Gari lililobaki halijabadilika hata skrubu.

Gia kubwa ya plastiki ililika meno wiki ile ile. Rafiki yangu akashauri tuweke ya chuma, na kwa haraka ushauri ule unaonekana wa busara: kilichovunjika ni dhaifu, basi kiimarishwe. Lakini fuata ile njia ya nguvu. Ukiweka gia ya chuma, msukumo ulioivunja ya plastiki haupotei, unahamia kwenye shafti. Ukiweka shafti za chuma, unahamia kwenye meno ya difu, ndani kabisa ya ekseli, mahali ambapo kufungua tu ni kazi ya saa nzima. Ukiimarisha difu, unarudi nyuma kwenye mota, inachemka mpaka waya zake za ndani zinaungua. Kila ukarabati unaouita uimara ni uhamisho. Kila uhamisho hupeleka uharibifu mahali pa ndani zaidi na pa gharama zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mchoraji wa gari hili, ambaye sitamjua kamwe. Hakuweka plastiki pale kwa ubahili. Alikaa na karatasi yake akajua gari litanasa, akachagua kipande cha bei ndogo kuliko vyote, kilicho nje, kinachofunguka kwa skrubu chache, akakipa kazi ya kufa kwa niaba ya wenzake. Ni akili ile ile ya fyuzi. Na sote tumeona nyumba ambayo fyuzi imekatika, mtu akachukua kipande cha waya mnene akakisokota pale. Taa zinawaka. Waya ule hautakatika tena. Siku mzigo ukizidi, kitakachokatika ni kitu kingine, ndani ya ukuta, usiku.

Hata hivyo heshima yangu ina mpaka. Mchoraji alipoita gia ile ya bei nafuu, alifikiria mtu ambaye duka la vipuri liko umbali wa dakika kumi kwa gari. Hapa gia hiyo hiyo inaagizwa nje, nauli yake inazidi bei yake, na inafika baada ya wiki kadhaa kama imefika. Wakati huo gari lote liko mezani. Kipande kilichochaguliwa kuvunjika kwa kuwa kinapatikana kirahisi, huku hakipatikani kirahisi. Kwa hiyo unafuu si sifa ya gia. Unategemea mahali ulipo, na nani analipa. Nilipoliona hilo sikuweza tena kulifikiria kama suala la gari peke yake.

Katika familia yetu kifungua mimba ni dada. Ni mwalimu wa sekondari. Kuanzia alipopata ajira, kila msukumo ulioingia nyumbani ulipitia kwake: ada za wadogo, dawa za mama, michango ya misiba, paa lililong'olewa na upepo. Hakuna kikao kilichowahi kukaa kikamchagua. Kila mmoja alisukuma kidogo, na yeye ndiye aliyeachia kila mara, kwa hiyo msukumo ukajifunza njia. Mwaka juzi presha ilimpanda akalazwa siku nne, naye ana miaka thelathini na minne. Alipokuwa wodini simu yake iliendelea kuita. Aliyepiga alikuwa anauliza habari ya ada.

Siku moja aliniona na gia mbovu mkononi akaniuliza ni nini. Nikamweleza: hii imewekwa makusudi ivunjike, ili vingine visalimike.

"Na ikivunjika gari linasimama?" akauliza.

"Linasimama, dada. Mota inazunguka bure, magurudumu hayaendi."

"Afadhali yake," akasema, akaenda jikoni.

Nimelifikiria jibu lile kwa muda mrefu. Kuna tofauti iliyo wazi kati ya gia na mtu: gia haina uchungu, na gia mpya ni sawa na ya zamani. Mtu hana mbadala. Mtu anaweza kusema kwamba hapo mfano unakufa. Mimi naona hapo ndipo unapoanza kutufaa, kwa sababu unaonyesha kwamba tunawatendea watu vibaya kuliko mchoraji alivyoitendea plastiki. Yeye aliichagua kwa kujua, mbele ya karatasi, akiwajibika kwa uchaguzi wake. Sisi tunamwachia mtu nafasi ya kuvunjika bila mtu yeyote kukiri kwamba imeamuliwa. Yeye alihakikisha kwamba gia ikikatika mashine yote inasimama, na mwenye gari analazimika kuinama aangalie. Kwetu mtu anakatika na mashine inaendelea. Kibarua anaanguka juani, kesho yake mwingine yuko kwenye foleni. Mfanyakazi wa ndani anaumwa, analetwa mwingine kutoka kijijini. Mwenye kufaidi mwendo hasikii hata mlio. Na mchoraji aliamini kwamba atakayelipia gia mpya ni yule yule aliyebonyeza rimoti. Kwetu anayelipa kwa kawaida ni aliyevunjika.

Kwa hiyo ningesema hivi. Kama ni lazima kuwe na wa kuvunjika kwanza, basi achaguliwe kwa uwazi, kuvunjika kwake kusimamishe kazi ya wote, na gharama yake ilipwe na aliyeongeza nguvu. Masharti haya matatu gia ya plastiki inayapata. Nikitafuta binadamu wanaoyapata, nawaona wachache.

Lakini kuna kifaa ambacho sijakieleza bado, nacho ni klachi. Watu wengi huisahau kwa kuwa haionekani kufanya kitu. Ni vibao viwili vya msuguano vilivyoikumbatia gia kubwa, springi moja, na nati. Ukikaza nati mpaka mwisho, klachi inakufa na msukumo wote unapita moja kwa moja. Ukiilegeza kiasi, siku tairi linaponasa vibao vinateleza. Hakuna kinachovunjika. Nguvu kidogo inapotea ikawa joto, na gari linachelewa kidogo kuondoka. Ukilegeza kupita kiasi, joto linazidi mpaka linayeyusha plastiki, kwa hiyo klachi inataka kurekebishwa mara kwa mara, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, kwa kusikiliza.

Tulipobaki na betri ya seli tatu, hatukununua gia ya chuma. Tuliweka gia ya plastiki, tukalegeza nati, na rafiki yangu akajifunza kuachia kidole. Hili la mwisho ndilo dawa kubwa kuliko zote. Gari likinasa, mkono unataka kubonyeza zaidi; dereva mzuri anaachia, anarudi nyuma, anatafuta njia nyingine kati ya mawe. Sehemu kubwa ya vipuri vinavyovunjika haikuvunjwa na jiwe. Ilivunjwa na mtu aliyesimama mita kumi pembeni, mikono mikavu, asiyetaka kupoteza sekunde tatu.

Nyumbani nako tumejaribu kitu kinachofanana na klachi. Mchango ukija, sasa unagawanywa kwa watano, kila mmoja kwa uwezo wake, na tarehe zinaandikwa. Mambo yanakwenda polepole kuliko zamani. Ada ya mdogo wa mwisho ililipwa kwa awamu, na mhasibu wa shule hakufurahi. Mjomba alilalamika kwamba mchango wa harusi ulichelewa. Kila mtu ana joto lake kidogo. Kuna miezi mmoja wetu analegea kupita kiasi, na inabidi tukae tena turekebishe.

Wanaopenda nguvu watasema huko ni kupoteza. Ni kweli, klachi inapoteza nguvu; hiyo ndiyo kazi yake. Ninachouliza ni kama ile nguvu iliyoitwa imepotea ilikuwa yetu tangu mwanzo, au tulikuwa tunaikopa kwenye meno ya mtu mwingine.